Bakuli Lililorudi Tupu

Kingi alipoingia mkahawa mpya ulioitwa Kidaka, Jumamosi moja baada ya alasiri, palibaki kiti kimoja tu, na kiti chenyewe kilikuwa mezani pa mwanamke aliyeonekana hataki kusemeshwa. Nje, Ndia Kuu ilijaa tuktuk na watalii waliotoka Ngome ya Yesu wakiwa wekundu kama kamba wa kuchemshwa. Joto la siku ile lilikuwa la kumfanya kunguru ashuke chini atembee kwa miguu akitafuta kivuli. Kingi akavua kofia yake ya viua, akajipepea.

"Salaam alaykum, bibi. Hapa pana mtu?"

"Alaykum salaam. Pana mimi," akajibu yule mwanamke. "Hicho kingine ni kiti. Keti."

Akaketi. Mwanamke alivaa buibui la kitambaa chepesi na mtandio wa rangi ya komamanga, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na kila alipogeuka ilipita harufu ya asumini iliyoishinda ile ya rangi mbichi ya kuta. Umri wake ulikuwa ule ambao wanawake huacha kuutaja na wanaume huanza kuukisia vibaya.

Kingi alikuwa karani bandarini miaka thelathini na miwili. Mkewe alifariki mwaka wa sita sasa, na tangu astaafu, kazi yake ilikuwa moja: popote palipofunguliwa mahali papya pa kula kisiwani, yeye alikuwa pale kabla misumari haijapoa. Mji ulikuwa unamponyoka. Leo hapa ni fundi cherehani, kesho panauzwa maziwa ya barafu. Palipokuwa na duka la ubani sasa vijana wanakunywa kahawa ya povu na kupiga picha povu lenyewe. Akaona heri ayajue mapya mapema, kabla nayo hayajawa ya kale yakaondolewa. Na kwa kuwa mtu anayekula peke yake chakula humkwama, alimsimulia yeyote aliye karibu nyumba ile ilikuwa ya nani zamani. Kama hakujua, alitunga.

"Wajua nyumba hii ilikuwa ya nani?" akaanza, kahawa yake haijafika bado.

"Ya nani?"

"Ya tajiri mmoja wa karafuu aliyefuga chui. Si chui wa mwituni, la. Chui mwenye adabu zake. Alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia, na Ijumaa alikaa ndani makusudi asiwatishe waendao msikitini. Akilala pale." Akaonyesha pembe iliyowekwa mtambo wa kahawa, unaotoa mvuke kama garimoshi la enzi zile.

Mwanamke akageuza shingo, akapatazama, akarudisha macho. "Pale?"

"Pale pale."

"Pale alikuwa akilala nyanya yangu," akasema. "Kama kulikuwa na chui, basi walikuwa wakipokezana."

Kahawa ilipofika, Kingi hakujua aitie mdomoni au aitumie kujificha. Lakini yule mwanamke akacheka, kicheko cha chini kilichotoka mbali, kama mtu aliyekiweka kabatini muda mrefu. Jina lake Shukri. Alizaliwa chumba cha juu cha nyumba ile, na nyumba iliuzwa warithi walipozidi vyumba. Tangu mkahawa ufunguliwe alikuwa akipita mlangoni asiingie. Leo miguu imemtii, na amekaa mahali palipokuwa jiko. Aliagiza mbaazi, zikaletwa ndani ya gilasi ndefu, juu zimechomekwa jani la nanaa.

"Siku hizi mbaazi zanywewa?" akauliza Kingi.

Shukri akaitazama ile gilasi kwa huzuni, kisha akaanza kucheka tena mpaka miwani ikatikisika.

Walipoinuka, Shukri alimwambia kwamba Jumamosi ijayo panafunguliwa mahali huko Mlango wa Papa panapouzwa pweza wa vijiti, naye angependa kujua pale palifugwa simba au ndovu. Kingi alirudi kwake Bondeni akipishana na watu anaowajua asiwaone.

Basi zikawa Jumamosi zao. Walikula pweza, wakala keki ya ukwaju iliyokuwa na ladha ya keki na ya ukwaju lakini si kwa pamoja. Waliingia pahali ambapo menyu ilikuwa mraba wa madoadoa unaopigwa picha kwa simu, Kingi akaupiga picha, akaitazama ile picha, akamwambia mhudumu kwamba imetoka vizuri sana. Kila mahali alisimulia uongo wa nyumba, na Shukri, mtoto wa mji, akamsahihisha: hapa palikuwa pa mzee mfua fedha, pale palikaa kungwi aliyeogopwa na mabwana harusi. Kati ya uongo wa mmoja na ukweli wa mwenziwe mji wa zamani ulisimama tena kwa saa moja, ukakaa nao mezani, halafu wakalipa wakauacha. Kisha Kingi alimsindikiza mpaka duka la mshona viatu, pembe ya kichochoro cha Kibokoni, na hapo wakaagana. Shukri alikuwa mjane, akiishi na mdogo wake Mwanakheri, na mwanamume asiye na jina la mume wala la ndugu haendi mpaka mlangoni.

Shukri alikuwa opereta wa simu katika hoteli moja ya ufuoni miaka ishirini na saba, mpaka hoteli ikafungwa. Alibaki na sauti mbili, moja ya nyumbani na moja ya kazini, na ile ya kazini ndiyo aliyomchezea Kingi simuni kila baada ya magharibi.

"Hoteli ya Kibokoni, masalkheri. Nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na muhibu wangu."

"Laini yake inatumika, bwana."

"Inatumiwa na nani?"

"Na mzee mmoja wa Bondeni, muongo. Subiri, usikate."

Naye hakukata. Yaani hata chai ilipoa, hata mbu wakamla na kushiba na kurudi kuwaita jamaa zao, hakukata.

Jumamosi ya kumi na moja, katika mkahawa wa juu ya paa karibu na Makadara, Shukri alikoroga maji ya embe muda mrefu bila kunywa. Alisema mwanawe aliyepata kazi Nakuru amemtaka ahamie huko, mwisho wa mwezi ujao. Chumba kipo, wajukuu wapo, hata jiko la gesi lipo. Kisha akauliza, macho kwenye gilasi, "Wewe waonaje?"

Hapo ndipo mwanamume mwingine angesema neno moja. Kingi akasema kwamba Nakuru, kwa alivyosikia, kuna baridi ya kugandisha salamu mdomoni, mtu akikuamkia asubuhi huisikia adhuhuri ikiyeyuka. Shukri alitabasamu kidogo tu. Akamwomba wateremke, ngazi zilikuwa nyingi.

Usiku ule usingizi ulimpaa Kingi. Ulimi wake ulizoea chui na ndovu. Neno lenye uzito wake lilimshinda kulibeba. Akaamua kulipakua.

Alikuwa na bakuli moja la bati jeupe, ukingo wake buluu na maua yamechorwa chini, alilorithi kwa mamake wa Rabai. Mamake alikuwa na kauli moja kuhusu vyombo: bakuli la mtu halirudi tupu. Jirani akikuletea uji, unamrudishia hata ndimu mbili. Ukilirudisha tupu umemwambia asije tena. Kwa hiyo Kingi akaloweka mbaazi tangu jana yake, akaketi juu ya mbuzi akakuna nazi mbili na ncha za vidole vitatu, akachuja tui la kwanza na la pili, akapika mbaazi za kukaa ndani ya bakuli kwa heshima zao. Akampigia simu.

"Nina kitu nataka ule. Ukishakula, unijibu."

"Nijibu nini?"

"Mbaazi zenyewe zitakuuliza."

Kisha Shukri, kwa sauti ya nyumbani, akasema, "Zilete, nizisikilize."

Alilipeleka mpaka kwa mshona viatu, Mwanakheri akalipokea. Siku ya pili Mwanakheri akateremka kwenye tuktuk mlangoni pake Bondeni, akamkabidhi bakuli limefungwa kwa kitambaa, akasema dada amekula zote, na dereva alikuwa anapiga honi, akaenda zake. Kingi alikifungua kile kitambaa taratibu kama afunguaye barua ya mahakama.

Bakuli lilikuwa tupu. Hapana ndimu, hapana kaimati, hapana hata punje ya iliki. Tena limeoshwa likang'ara, linanukia sabuni.

Aliliweka juu ya kabati, kifudifudi. Jioni simu ikalia, akaitazama mpaka ikanyamaza. Kesho yake ikalia, na kesho kutwa. Jumamosi tatu hakutia mguu mkahawani. Aliwaambia wenziwe wa barazani kwamba daktari amemkataza kahawa, na walipouliza daktari gani akakosa jina, yeye aliyewahi kumpa jina hata chui. Alipita Mji wa Kale mchana mmoja akaona palipouzwa pweza wa vijiti pameshafungwa, wanapaka rangi nyingine. Miezi mitatu tu. Akajiambia kwamba hata mapya siku hizi hayangoji kuzeeka.

Ijumaa, wiki moja kabla ya mwezi kwisha, simu ikalia kwa namba asiyoijua. Akapokea.

"Bwana Kingi? Sabalkheri. Twakupigia kutoka mkahawa mpya wa Kibokoni. Tumearifiwa kuwa wewe ndiwe mkaguzi wa mikahawa yote ya kisiwani."

Sauti ilikuwa nyororo, imepigwa pasi. Moyo wa Kingi ukaruka, ukagonga dari, ukarudi mahali pake umepinda.

"Nimestaafu," akasema.

"Pole sana. Twafungua kesho baada ya alasiri. Ghorofa ya pili, mlango wa kijani kibichi, ukishampita mshona viatu. Ila vyombo vyetu havijatimia. Kila mgeni aje na bakuli lake."

"Na nisipokuja?"

Pasi ikaitoka ile sauti, ikabaki yenyewe. "Usipokuja, nitajua. Subiri, usikate," akasema, kisha akakata yeye.

Kesho yake Kingi alivaa kanzu nyeupe, akajitia hal-udi kidogo nyuma ya masikio, akalifunga bakuli katika gazeti. Kwa mshona viatu miguu ikasita kwa mazoea, akaisukuma. Mwanakheri alimfungulia mlango wa kijani, akamwonyesha meza moja yenye viti viwili, kisha yeye akaenda kukaa dirishani na kazi yake ya kushona, pasiwe na maneno ya watu. Mezani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: mkate wa sinia, kuku wa kupaka, chai ya tangawizi. Kando ya mlango palikuwa na begi la safari, limefungwa. Kingi aliliona hilo begi kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Shukri akatoka jikoni, leso kiunoni, uso umeiva kwa moto.

"Karibu mgeni wetu. Waonaje mahali petu?"

"Pazuri," akasema Kingi. Hakuwa na chui hata mmoja.

"Kumbe wapaona. Nilidhani umepofuka, maana simu nimepiga kumi na saba. Nimezihesabu. Umepotelea wapi, we mwanamume?"

Kingi akalifungua gazeti, akalisimamisha bakuli katikati ya meza. "Lilirudi tupu."

"Naam. Nilizila zote."

"Kwetu, Shukri, bakuli likirudi tupu..."

"Kwenu na kwetu ni kumoja, nayajua," akamkatiza, na sauti yake sasa ilitetemeka kwa hasira iliyokaa wiki tatu. "Jirani humrudishii chombo kitupu, kwa sababu ni jirani. Ni mtu wa nje, wamtaka wema. Lakini babu yangu alipokula pale jikoni kwetu, wewe wasikia nyanya alimrudishia sahani ina ndimu mbili? Chombo cha mwenye nyumba huoshwa. Huoshwa tu, Kingi. Nikakaa nikafikiri, nimtilie visheti, nimtilie halua? Nikasema la, nikimtilia nitakuwa nimemfanya jirani. Nikalisugua mara mbili kwa mikono yangu. Jawabu ndilo lilikuwa hilo. Nikangoja uje. Ukaja?"

Dirishani sindano ya Mwanakheri ilikuwa imesimama.

Kingi alilitazama lile bakuli. Wiki tatu alilala nalo chumba kimoja akidhani ni kaburi. "Na begi hili?" akauliza.

"Nakwenda Nakuru Jumatatu, siku sita. Nikamwambie mwanangu kwamba sihami, ama nikamwambie kwamba nahama. Neno kama hilo halisemwi kwa simu, na akwambiaye alikuwa opereta." Akaketi kiti cha pili. "Sasa sema wewe. Na leo nataka moja la kweli tu."

Kingi akalitafuta. Lilikuwa dogo kuliko alivyohofia. "Nataka kula nawe kila siku," akasema. "Hata mahali panapopikwa vibaya. Usihame. Nioe mimi, yaani, nikuoe, yaani..."

"Nimefahamu."

"Nimekosea, Shukri. Nisamehe."

Shukri akalipokea lile neno. "Posa ipeleke kwa kaka yangu, mtaa wa Kuze, Ijumaa ya juma la pili, nikisharudi. Na usimsimulie nyumba yake ilikuwa ya nani, amejenga mwenyewe." Kisha akalichukua bakuli, akaenda nalo jikoni, likarudi limejaa kuku wa kupaka mpaka ukingoni. "Na mbaazi zako zilikuwa na chumvi ya kuaibisha bahari."

"Ulisema ulizila zote."

"Nilizila zote, laazizi. Kula."

Akala. Alikula kama mtu aliyekuwa akifuturu baada ya mwaka mzima, akalikomba bakuli kwa mkate mpaka maua ya chini yakaonekana. Shukri alipoinuka kulichukua, Kingi akaliwahi. Akalipeleka mwenyewe jikoni, akalisugua kwa sabuni, akalisuuza, akalipangusa kwa kanzu yake nyeupe, Mwanakheri akitazama kanzu ile kwa huruma. Akasimama katikati ya jiko na bakuli tupu mikononi.

"Shukri," akaita, "kabati la vyombo liko wapi?"