Damu Hii Si Yangu

Pasi ilikuwa baridi, lakini chumba cha kushonea kilinuka kitambaa kilichoungua. Fundi cherehani alikagua kila gauni lililotundikwa, asione hata alama ya moto. Alipokaa, kiti kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Hakumwambia yeyote. Mwaka wa tatu huu alikuwa akisema na watu wametia nta masikioni. Hedhi yake ilichukua siku kumi na mbili, damu ya mabonge, tumbo likimkaza mpaka anang'ata kitambaa cha mteja. Mumewe alisema, "Kila mwanamke hupitia hayo." Mama mkwe akaongeza, "Sisi tulizaa na kulima, na hatukulalamika." Daktari wa zahanati alimwandikia vidonge vya kuongeza damu bila hata kuinua uso.

Kisha mama mkwe akasikia mtu akihema nyuma ya pazia la chumba kile. Alipolivuta, hapakuwa na mtu. Siku hiyo ndipo ugonjwa ulipopata maana.

"Mkeo ana jini," alimnong'oneza mwanawe. "Ndilo linalomnyonya damu."

Mganga akaitwa kabla jua halijakengeuka. Akafukiza, akasoma, akasoma tena, na moshi badala ya kupanda ukatambaa sakafuni kama kitu kinachotafuta miguu ya watu, mkasi ukaanza kujifungua na kujifunga mezani peke yake, shingo ya fundi ikapinda taratibu, zaidi ya shingo inavyoweza kupinda, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mzee ambaye hakuna mtu pale aliyemjua.

"Damu hii si yangu. Mimi nakaa tu. Huyu anaumwa kizazi. Amewaambia mara ngapi? Mpelekeni hospitali."

Mume alikuwa amepiga magoti. "Tutampeleka, bwana mkubwa. Kesho asubuhi."

Na kweli walikwenda. Daktari wa kike alimpima kwa picha, akamgeuzia kioo cha mashine aone. "Utando wa ndani ya kizazi umeota ukaingia kwenye misuli yake. Kimevimba, ndiyo maana unaumia na kutoka damu hivi. Huitwa adenomiosisi, na ina tiba. Mbona umechelewa?"

Fundi alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Hayakuwa ya maumivu. Yalikuwa ya hasira.

Akawekewa kifaa cha homoni ndani ya kizazi. Baada ya miezi michache damu ikapungua, akashona siku nzima bila kujikunja. Hapo mumewe akamwita mganga amalizie kazi ya kulitoa jini.

Fundi alimzuia mlangoni. "Rudi na vyombo vyako."

"Dada, jini halifugwi," mganga alisema kwa upole.

"Miaka mitatu nimesema kwa kinywa changu. Yeye kasema mara moja tu, mkasikia."

Mume akasogea mbele. "Mke wangu, hebu usi—"

"Msikilize," ilisema sauti ya yule mzee.

Mume aligeuka kumtazama mkewe. Midomo ya fundi ilikuwa imefungwa.