Neno la Siri Kwenye Daftari la Yunusu

"Yunusu, nani kaandika barua hii?"

Nadhira alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya steshenari, pale mtaa wa Katandala, sweta kalifunga mpaka shingoni kwa baridi ya Juni. Yunusu, mchumba wake na mwenye duka, alikuwa anahangaika na mashine ya fotokopi. Hakugeuka.

"Barua gani, mpenzi?"

"Ya kukataa nafasi yangu ya Uholanzi. Imetumwa jana kutoka kwenye barua pepe yangu. 'Nimeamua kuolewa, nafasi yangu apewe mwingine.' Mimi nimeyaandika lini haya?"

"Labda ulibonyeza vibaya."

"Nilibonyeza vibaya mistari sita?"

Nadhira alikuwa na shahada ya hisabati, na vyuo viwili vilimwita kusoma uzamili wa hisabati ya fedha. Kimoja kilikuwa Dar es Salaam, chenye masomo mengi ya bima. Kingine kilikuwa Uholanzi, na huko walifundisha kitu kilichomsumbua tangu utotoni, yaani bei. Baba yake alikuwa na malori ya kubeba mahindi, na Nadhira aliwaona wakulima wa kijiji cha Kaengesa wakiuza gunia kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, kisha mvua zikikolea wakanunua unga kwa machozi. Alitaka kujua hesabu ya kumkinga mkulima kabla bei haijaporomoka.

Alipima wiki tatu nzima. Na siku hiyo, nawaambieni ukweli, alikuwa ameshachagua Dar. Masomo ya Uholanzi ndiyo aliyoyataka, lakini Yunusu alimtaka zaidi. Barua ya kukubali Dar ilikuwa kwenye flashi aliyoichomeka kwenye kompyuta ile ile. Alikuja kuichapisha, ampe Yunusu mkononi, amwone anavyocheka.

Sasa hiyo barua pepe. Alifunguliwa na Yunusu mwenyewe, akiwa kidato cha sita. Nusu ya mtaa walifunguliwa hapo hapo: kama huna simu, inawekwa namba ya mwenye duka, na neno la siri linaandikwa kwenye daftari kubwa la kaunta ili ukisahau urudi kuuliza. Nadhira alirudi kuuliza mara nyingi kuliko alivyosahau, na mapenzi yakaanzia hapo. Miaka saba ikapita, shahada akaipata, na neno la siri hakulibadilisha. Aliona kulibadilisha ni kama kumfungia mchumba mlango. Msimcheke, wengi wetu tuko hivyo.

"Chuo kimejibu," Nadhira akasema. "Kama barua siyo yangu, niwaandikie leo kabla ya saa kumi na moja, kwa barua pepe hii hii. Nawaandikia sasa hivi."

Yunusu akatoa simu. Vidole vyake vikakimbia. Ghafla kompyuta ikamtoa Nadhira nje: neno la siri limebadilishwa.

"Umefanya nini?"

"Tulia tuongee."

"Nipe hiyo simu, Yunusu!"

Yunusu akaenda kushusha geti la duka, akalikomea. Akarudi. Kofi lilimkuta Nadhira akiwa anainuka, akaangukia rundo la karatasi.

"Miaka saba nakungoja!" Yunusu akamvuta kwa mtandio. "Uende kwa wazungu, urudi uniite bwana fotokopi?"

"Niache!"

"Dar sawa, nitakufuata. Uholanzi nakufuataje? Kwa boda?"

Akambamiza kichwa kwenye meza. Damu ikamchuruzika Nadhira puani. Yunusu akaukamata mkono wake wa kulia, akauweka chini ya kisu cha mashine ya kukatia karatasi, kile kinachokata madaftari kumi kwa mkupuo.

"Sema huendi! La sivyo nakata, tuone utaziandikia nini hizo hesabu!"

Nadhira akamtazama. Huyu ndiye aliyemnunulia maandazi siku ya matokeo. Moyo wake ukafunga biashara hapo hapo.

"Nakwenda," akasema.

Mkono wa kushoto ukaipata stepla kubwa. Akaishusha mdomoni mwa Yunusu kwa nguvu zote, jino likaruka. Kisu nacho kikashuka, kikampitia Nadhira ubavuni mwa kidole cha shahada. Akapiga ukelele. Yunusu, damu kidevuni, akamkaba koo.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Ashura, dada yake Yunusu, alikuwa anamletea kaka yake chakula.

"Kaka! Unaua mtu!"

"Toka, hayakuhusu!"

Ashura hakutoka. Alifungua hotpoti, akammwagia maharage ya moto shingoni, kisha akampiga nalo kisogoni. Yunusu akapiga magoti akinguruma. Simu ikamtoka, Ashura akaidaka.

"Wifi, usimpe!" Nadhira akalia. "Naiomba hapa kwenye kompyuta namba mpya ya siri, itaingia humo. Nisomee!"

Alikuwa ameshajikokota mpaka kwenye kompyuta, kidole kinavuja juu ya kibodi. Simu ikalia.

"Ashura, mimi ni kaka yako," Yunusu akasema pale chini. "Tumbo moja!"

Ashura akamwangalia kaka yake, kisha akaangalia damu kwenye kibodi.

"Nne," akasoma. "Sifuri. Saba. Tisa. Moja. Moja."

Nadhira akaingia. Akaiondoa namba ya Yunusu, akaweka yake, kisha akaandika: "Barua ya jana si yangu. Nafasi naitaka. Nakuja." Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Baada ya dakika tano jibu likaja: "Nafasi yako bado ipo. Karibu."

Ashura akamtupia kaka yake simu miguuni. Akafungua daftari la kaunta, akauchana ukurasa wa Nadhira, akauzungushia kidole chake, kisha akakifunga kwa leso.

"Twende. Tunaanzia polisi, tuchukue PF3, ile fomu ya matibabu, ndipo ukashonwe."

"Wifi, ni kaka yako."

"Najua ni kaka yangu. Nitawaeleza nilichokiona. Na usiniite wifi tena, niite dada."

Walipita polisi, wakafika hospitali. Nadhira alishonwa nyuzi saba. Alikuwa bado kwenye benchi, Ashura kamshika bega, simu yake ilipotetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Yunusu. Nadhira aliusoma bila kujua kwamba askari walikuwa wameshalisimamisha gari lao mbele ya steshenari.

"Nadhira, umesahau flashi yako. Nimefungua barua. Kumbe ulikuwa umechagua Dar? Ulikuwa unabaki na mimi?"

Machozi yakamtoka, wala hakuyazuia. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, akajibu kwa kidole gumba cha kushoto, taratibu, herufi moja moja.

"Nilikuwa."