Sampuli Iliyoitwa Giza

Kimulikaseli, mashine ya kupimia seli, kilishusha mkono wake mwembamba, kikadondosha kingamwili mpya katika kila kishimo cha sahani ya kioo, kisha kikasema kwa upole, "Tayari, Daktari."

Kingamwili hiyo ilikuwa imewatoa jasho Dkt. Tumsifu na wenzake miaka mitatu katika maabara yao ya Morogoro, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukitafuta kipokezi fulani kwenye seli za sikio, kukinasa, na kung'aa kijani. Kipokezi ni protini inayokaa juu ya seli kama kitasa mlangoni. Dawa ya kurudisha usikivu ndiyo ufunguo, na mlango usio na kitasa haufunguki.

Kwa desturi ya maabara, kishimo cha kwanza kilikuwa cha Giza, yaani seli za sikio zilizooteshwa kutoka ngozi ya mtu asiye na kipokezi. Giza ikibaki nyeusi, kipimo ni kizuri. Wote walijua Giza ni nani: Bi. Nanzia, mama yake Dkt. Tumsifu, aliyepoteza usikivu kabla hajamzaa bintiye.

Siku hiyo Giza iling'aa.

"Kingamwili imeharibika," alisema mwenzake, Mbonea, akiguna. "Inashika kila kitu, kama mgeni mroho mbele ya sinia la pilau. Tuimwage."

"Subiri kwanza, kaka." Tumsifu aliigeukia mashine. "Jaribu kwenye seli tulizoziondolea jeni ya kipokezi."

Zikabaki nyeusi. Akaamuru jaribio lirudiwe. Nyeusi tena, na Giza bado kijani, hafifu lakini kijani kabisa.

Mbonea akavua miwani. "Basi kibovu kilikuwa kipimo cha zamani, kile kilichosema Mama hana kipokezi. Kilikuwa kinawaona wenye vipokezi vingi tu. Mama anavyo, ila vichache."

Tumsifu alikaa sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka. Furaha ilimjaa, na aibu nayo ikamjaa. Miaka kumi na miwili iliyopita, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika "hasi" na kumwondoa mama kwenye orodha ya watakaopewa dawa. Akapiga simu ya picha.

Bi. Nanzia alikuwa jikoni, ungo wa mchele mapajani. Tumsifu alizungumza naye kwa mikono, kama walivyozungumza maisha yao yote.

"Mama, unacho kipokezi. Dawa itakufaa. Mimi ndiye niliyekosea, nisamehe."

Mama akauweka ungo chini.

"Mvumilivu hula mbivu," mikono yake ilijibu, "ila hizi zangu zilibaki kidogo zioze."

"Mama, jamani!"

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ujiandae." Alikuwa anacheka, mashavu yameloa. "Kila Jumapili ukiimba kwaya nakupigia makofi kwa imani tu. Sasa ukikosea sauti, nitajua."