Maji Mdomoni mwa Mpiga Pasi

"Mkate?" Mkuu aliuliza kwenye simu.

"Bado mbichi," alijibu Wagdi Abu Samra. Maana yake, msaliti hajapatikana.

"Meli ya Fardos inang'oa nanga saa tisa. Watu thelathini na nane. Siwezi kuizuia, jeshi linasubiri mafuta."

Simu ikakatwa.

Ilikuwa saa nane kasoro robo, Port Said, Ramadhani ya 1942. Wagdi alikuwa na miaka tisa katika ujasusi. Siku sita nyuma meli ya mizigo Samira ilitoka bandari hii hii. Nyambizi ya Wajerumani ilikuwa ikiisubiri hapo nje tu. Torpedo mbili. Dakika nne ikazama. Rizq, mdogo wake Wagdi, alikuwa chini akichochea makaa; hakuokoka.

Nani aliwapa Wajerumani saa ya safari?

Tangu asubuhi alikuwa amewafuata mabaharia wa Fardos. Wote waliingia mlango mmoja, kwa Mitwalli, mpiga pasi.

Akaingia. Bastola yake, Webley, iko kiunoni.

Mitwalli alijaza maji mdomoni, akayapuliza kwenye shati. Puuu! Ndivyo wanavyolowesha nguo, hata Ramadhani. Aliyefunga hupuliza yote, hamezi tone.

"Ramadhani karimu, fundi."

Mitwalli alishajaza tena. Akaitikia kwa kichwa.

"Nimefuata shati la Rizq. Yule wa Samira."

Koo la Mitwalli likapanda, likashuka.

Maji yamekwenda.

"Lo! Mwenye saumu akishtuka hutema, fundi. Wewe umezoea kumeza."

"Bahati mbaya, bwana! Mungu ni msamehevu!"

"Yeye, ndiyo. Mimi bado."

Pasi ya makaa ikaruka kutoka mkononi mwa Mitwalli. Wagdi aliinama, ikamuunguza sikio. Akamkaba Mitwalli, akamburuta hadi nyuma ya pazia. Mtambo wa redio ulikuwa pale, chini ya mashuka. Akaugusa. Baridi.

Alhamdulillahi, hajatuma.

"Tuma sasa. Waambie Fardos inaondoka kesho alfajiri."

"Wataniua!"

"Chagua nani akuue."

Mitwalli alituma.

Saa tisa honi ya Fardos ililia. Wagdi alisimama dirishani, bastola ikimwelekea Mitwalli, akisubiri mlipuko. Saa kumi. Saa kumi na moja. Adhana ya magharibi ikalia, bahari kimya.

Ndipo akaliona shati la Rizq kati ya nguo, limenyooshwa, linaning'inia, halikuwahi kuchukuliwa. Kikaratasi kilibanwa kolani, kwa mwandiko wa Mitwalli: "Rizq, Samira. Anataka Jumatatu kabla ya saa kumi, wanaondoka."

Ewe Rizq! Ulitaka shati safi tu.

Alikitia kikaratasi kwenye makaa, kikaungua chote. Kisha akapiga simu.

"Mkate umeiva, Mkuu. Njooni mmchukue."

"Saa ya kuondoka Samira, huyo aliambiwa na nani?"

"Hakuna jina."

Walipokwisha kumchukua Mitwalli, akakunja shati, akalitia kwapani, akatoka taratibu kwenda kumfuturisha mama yake.