Ukuta wa Mwashi na Nyumba ya Mkunga

Jamani, nisikilizeni, na atakayeona maneno haya yanamgusa asininunie. Yananigusa mimi kwanza.

Kando ya ziwa letu alikaa mkunga, mama mjane aliyewapokea duniani nusu ya hawa wanaotukanana hapa mtaani. Ubavuni mwake kilikuwa kiwanja cha mwanawe wa pekee, fundi mwashi. Mbele yao matete yalisimama mpaka majini. Asubuhi mkunga alianika shuka zake huku akiimba vibaya, nami niliyekuwa na kibanda cha cherehani ng'ambo ya njia nilimwambia aache, ndege wanahama. Alinicheka, akazidisha. Tuliishi hivyo miaka mingi.

Siku moja tukasikia panga. Mwashi alikuwa anafyeka matete.

"We mwanangu, hayo yamekukosea nini?" mama yake aliuliza.

"Yananiziba, mama. Nataka nikikaa barazani niyaone maji."

"Maji utayaona tu. Yenyewe huwa yanakuja."

Mwashi alicheka. Ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame, ziwa limerudi nyuma mno, na pale palipokuwa maji pamebaki tope lililokauka. Aliitazama ardhi ile kama mlafi anavyotazama sahani ya mwenzake.

Sasa, sheria ndogo tulikuwa nazo. Tulizipitisha wenyewe kwa mikono juu: hakuna kujenga ndani ya mita thelathini kutoka nguzo ya zege, inayoonyesha mahali maji hufika ziwa likijaa. Kamati ya ufuko ilikuwa na watu watano. Mmoja wao nilikuwa mimi, na kwa kuwa ni fundi cherehani, wakanipa kazi ya kushika futi.

Siku ya kupima kiwanja jua lilikuwa kali na mwenyekiti alikuwa na haraka zake.

"Tunaanzia wapi?" akauliza.

"Nguzoni," mkunga akajibu kutoka uani kwake. "Si ndivyo mlivyoandika?"

"Mama, nguzo iko nchi kavu!" Mwashi alisema. "Sheria ni ya ziwa. Ziwa lile pale, au macho yangu mabovu?"

Wanakamati wakacheka. Mwenyekiti akajifuta jasho. "Haya, fundi, peleka futi kwenye maji tumalize."

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Msijibu, nawajua. Mimi nilivua viatu, nikapita nguzo, nikaenda mpaka tope likanifika vifundoni, nikashika ncha ya futi pale. Mwashi akasoma upande wake: "Thelathini na mbili!" Tukatia sahihi wote watano. Nami nilikuwa na sababu yangu, ya aibu: nilikuwa nimekichoka kibanda cha njiani, nikajua nikimpitisha yeye, kesho nami nitapitishwa nikasogee ufukweni.

Mkunga alinitazama. "Hata wewe?" Tangu siku ile hakunicheka tena.

Mwashi akamwaga kifusi, akajenga nyumba mbele ya nguzo, ikimpa mama yake kisogo. Akaizungushia ukuta wa mawe na zege unaofika kifuani. Mama alimwomba, akamkaripia, mwisho wakaacha kusalimiana. Waliopita njiani walimsifu kwa ujenzi, na wengine wakaanza kufyeka matete yao.

Kisha mvua zikaja. Ziwa likarudi mahali pake, likasimama palepale kwenye nguzo. Mawimbi yalipiga ukuta wa Mwashi, yakashindwa kupanda, yakageuka kwa hasira upande wa mama yake. Yaling'oa matete ya mkunga na mizizi yake, kisha yakaanza kula udongo. Kila asubuhi kwa wiki tatu ufuko ulikuwa umesogea hatua kadhaa kuelekea mlangoni kwake. Nyumba yake ilijengwa kihalali, mbali na nguzo, na mkosaji alikuwa ndani kwake na miguu mikavu.

Jiko lilianguka kwanza. Tulipofika mbio, mkunga alikuwa ameketi kitandani katika chumba ambamo watoto wetu walizaliwa, na ufa umepanda ukutani mpaka darini. Tulimbeba. Alinipiga kofi nilipomshika mkono, na nilistahili. Hatujafika njiani, chumba kikaenda majini.

Mwashi alikuja analia. "Mama, twende kwangu. Kwangu ni pakavu."

"Pakavu kwa sababu maji yako umeniletea mimi," mama yake akamjibu. "Niondokee."

Hakuingia mle hata siku moja. Alikwenda kupanga chumba mlimani. Mwashi akachukua nyundo akauvunja ukuta kwa mikono yake, siku nne, bila kuamriwa na mtu. Lakini kiwanja cha mama yake sasa ni ziwa, na hakuna mwashi anayejua kurudisha udongo ulioliwa. Humpelekea kuni kila Jumamosi. Mama hufungua mlango, huzipokea, hufunga.

FUNZO

Sheria ya ufuko hupimwa kuanzia pale maji yanapofika yakijaa, si yanapokuwa yamelala. Anayejenga ufukweni hajengi kwake peke yake, kwani wimbi analolizuia huenda kwa jirani. Matete si magugu. Ndiyo yanayoshika udongo mnaoukanyaga. Na kamati inayopindisha kipimo kwa ajili ya mtu mmoja imebomoa nyumba ya mwingine, hata kama haijashika nyundo.

Mnaonizomea kwamba nimeichafua kamati, endeleeni. Mkunga ana miaka sabini na miwili, anapanda mlima na ndoo kichwani, na karatasi iliyomfikisha huko ina sahihi yangu.