Simu Ilikuwa Bado Inasikiliza

Mjinga siku ile alikuwa fundi lifti, tusizunguke.

Walijuana kwenye jengo la maduka, watu wamejaa tele, lifti ikakwama. Akaufungua mlango kwa nguvu, akamtoa mshona mapazia mwenye gauni la kijani, mgeni aliyekuwa akiiokota lugha ya mji kipande kipande.

"Umeogopa?"

"Lifti, hapana. Wewe, kidogo."

Fundi akacheka, akaomba namba. Tangu hapo ikawa simu asubuhi, simu jioni, na wenzake wa chumba cha kushonea wakaanza kumwita fundi shemeji kabla hajawanunulia hata soda.

Kuongea mwanamke alishika upesi, fundi akimfundisha kwenye simu. Kuandika kulimtoa jasho. Mwalimu wa darasa la jioni akamwonyesha njia: iambie simu unachotaka, ikuandikie, kisha usome na kusahihisha. Akawa anajifungia stoo kati ya majora ya vitambaa, anasema, anasoma, anafuta, anaanza tena. Fundi hakuambiwa. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kumtumia yeye, na mwanamke alitaka umfikie bila kasoro.

Mchana mmoja fundi akapita kumsalimia, akasikia sauti nyuma ya mlango wa stoo: "Mpenzi wangu, usiku silali nikikuwaza." Kisha tena, polepole, kwa kubembeleza: "Mpenzi wangu..."

Damu ikamchemka. Akausukuma mlango.

"Nani huyo? Nimekufundisha kuongea ili ubembeleze wanaume? Bila mimi, mji huu wewe ni bubu tu. Bubu."

Cherehani zote zikanyamaza.

Mwanamke akamgeuzia simu. Ilikuwa bado inasikiliza. Juu palikuwa na jina la fundi na mistari miwili ya mapenzi, makosa matupu. Chini yake, maneno ya fundi yameandikwa safi, hakuna hata moja lililokosewa. Akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama yuko darasani. Alipofika kwenye "bubu" akasita, akalirudia vizuri.

Fundi akapiga simu wiki nzima, hazikupokelewa. Mwishowe akavaa shati la pasi, akamsubiri mlangoni pa jengo.

"Shemeji, nenda tu nyumbani," mmoja wa washonaji akamwambia, safari hii bila utani.

Hakwenda. Mwanamke akatoka.

"Kipenzi, zilikuwa hasira. Yafute yale, tuanze upya."

"Kwenye simu niliyafuta siku ileile," akasema, akipandisha mkoba begani. "Haya niliyoyasoma, nifutie wewe."