Kiatu cha Kushoto Kwenye Kompyuta ya Daktari Akech

Hapa mtaani Pipeline, Nairobi, hakuna mtu anayeielewa kompyuta kunishinda.

Sawa, nimedanganya. Juzi nilishika simu juu chini nikashangaa mbona watu wote wa Facebook wamelala kichwa chini. Lakini someni tu...

Nilikuwa foleni kliniki, goti limefura kama andazi. Mlango wa ofisi ukafunguka. Askari wa lango akatoka amemshika mtu mkono, vile hushikwa mwizi wa simu.

Mtu mwenyewe alikuwa Khalayi. Mjukuu wangu!

Nyuma yake alikuja Kimanzi, meneja wa kliniki, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kukukata. Akasema kwa sauti ya kufika kwa wauza mboga huko nje:

"Huyu ndiye anauza siri zenu. Mumjue."

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja akavuta mkoba wake karibu, ni kama siri huibwa mkobani.

Nikasimama kumtetea mjukuu wangu. Goti likakataa. Nikaketi tena.

Huo ndio utetezi alioupata siku hiyo...

Sasa niwaeleze. Khalayi ndiye aliyetengeneza programu ya hiyo kliniki. Zamani mgonjwa alikuwa mstari mmoja: jina, simu, nyumba, ugonjwa, vyote pamoja. Anayekuandikisha pale mbele anasoma mpaka upele wako ulipo. Khalayi akaona hiyo ni aibu. Akampasua mgonjwa mara mbili. Jina na simu, jedwali la kwanza. Ugonjwa, jedwali la pili.

Aliponieleza nilikuwa nasonga ugali. Nilimwambia nimeelewa, kisha nikamuuliza hilo jedwali lina miguu mingapi. Alicheka mpaka akapaliwa.

Lakini nilielewa bwana. Mimi nimeuza viatu vya mitumba soko la Muthurwa. Kule unatandaza vya kushoto tu. Vya kulia viko kwa gunia, na gunia umelikalia. Mwizi akichomoka na kimoja ataenda nacho wapi? Mteja wa kweli akija, unasoma namba uliyoandika na chaki kwa soli, unatoa mwenzake, anavaa jozi.

"Ndiyo hivyo hivyo, Kukhu," akasema. Sisi Wabukusu nyanya ni kukhu. "Na anayetoa mwenzake ni programu ya katikati, tunaiita ORM. Daktari anaona mgonjwa mmoja, mzima. Wa mbele anaona kushoto tu."

Basi, kulikuwa na Kavinya, fundi wa nguo, mpangaji mwenzetu hapa kwa plot. (Ameniruhusu niandike, na amesema nisimfanye mnene.) Kavinya ana kifafa, na hakuna aliyejua ila daktari. Alikuwa anaolewa na Mutie, mdogo wake Kimanzi. Mara mama yao akavunja harusi, na hicho kifafa akakitaja mbele ya wageni.

Daktari Akech ndiye mwenye kliniki. Akauliza siri imetokaje. Kimanzi akamwambia huku kugawa wagonjwa kwa majedwali mawili ndiko kumeacha mwanya, na Khalayi ndiye mwenye funguo. Yeye ni meneja tu, huona jina na simu.

Daktari akaamini. Funguo zikabadilishwa. Khalayi nje, na akatishiwa kuitiwa polisi.

Mtoto akaacha kula. Akaniambia kazi yake yote ni kushika siri za watu, na hakuna atakayempa siri tena. Akataka kurudi nyumbani Bungoma. Nikamwambia Bungoma mtu huenda Krismasi. Hatorokei huko.

"Nani mwingine anaweza kusoma hilo jedwali la magonjwa?" nikamuuliza.

"Kwa programu, daktari peke yake. Lakini majedwali yote yako kwa mashine moja, Kukhu. Mwenye paswadi ya mashine anazunguka nyuma ya ORM, anasoma yote mawili. Hiyo paswadi Kimanzi anayo, ya dharura."

"Daktari anajua?"

"Nilimwambia. Kimanzi akaapa hajui hata kuitumia."

Nikaoga. Nikafunga kitambaa changu cha kanisani. Nikarudi kliniki.

Mnadhani niliogopa? Kwa umri wangu nimebaki kuogopa ngazi tu.

Kimanzi mwenyewe alikuwa pale mbele. Nikamnong'oneza kwamba goti ni kisingizio... nina jambo zito, la daktari peke yake. Macho yakamwaka kama mtu anayesikia nyama ikikaangwa kwa jirani.

Huko ndani nikamwambia Daktari Akech ugonjwa wangu. Akaacha kuandika. Akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza kama nina uhakika, akarudia kuniuliza. Nikamwambia kazi yake ni kuandika vile mgonjwa amesema. Akaandika. Nikamsihi asimwambie mtu, naye akakubali huku akinionea huruma.

Nikangoja hiyo siri iive. Wiki iliyofuata nikaingia ofisini kwa daktari na Khalayi upande huu, Kavinya upande ule. Nikasema sitoki mpaka Kimanzi aitwe.

Akaja. Shati lile lile la kukata watu. Akarudia hadithi yake yote, na akaongeza machozi kidogo ya kumlilia mdogo wake.

"Kijana," nikamwambia, "hilo jedwali la magonjwa hujawahi kulifungua?"

"Shosho, sijawahi. Mimi ni jina na simu."

"Hata tangu huyu mtoto afukuzwe?"

"Hata sijui linafanana aje."

Daktari akatikisa kichwa, akaniambia kwa upole nimpeleke mjukuu nyumbani. Khalayi akaanza kuinuka. Nikamvuta sketi, akaketi.

Wasomaji wangu, shikeni hili. Ukipewa nusu ya mtu, tosheka na hiyo nusu. Ile nyingine ana sababu ya kuificha. Na ukikutana na mdaku usimwombe ukweli, utakesha. Mkasirishe tu.

Basi nikamkasirisha. Nikamwambia Mutie bado anampenda Kavinya, na kila jioni yuko pale kwa cherehani akijifanya suruali imechanika. Nikamwambia mwanamume mzima anayembebea mama yake magonjwa ya watu afunge leso na akae kwa ngazi na sisi wanawake, tumpe mchicha achambue.

Kavinya akacheka. Hicho kicheko ndicho kilimmaliza.

"Daktari, utamsikiliza huyu?" akafoka, kidole kwa pua yangu. "Si hana akili timamu! Ajuza wa miaka sabini na moja, anakuja hapa kukwambia ati ana mimba ya mapacha!"

 

Daktari Akech akavua miwani. Akaiweka chini polepole.

"Kimanzi," akasema. "Hao mapacha umewajulia wapi?"

Kimanzi akatazama kompyuta. Akamtazama Khalayi. Mwisho akanitazama tumboni.

"Si... linaonekana?"